Daktari Atiman hakuulizwa lini



Injili ya leo ni ile ya mwenye shamba la mizabibu. Anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Sisi tunaosoma Kiswahili hatuhitaji mhubiri atufafanulie saa hizo. Wenzetu wa Ulaya hulazimika kuhesabu vidole ili wajue kwamba saa hiyo ya mwisho ni jioni. Mtu wa Sumbawanga anajua vizuri. Saa kumi na moja upepo wa milima ya Mbizi umeshaanza kushuka, watu wanafunga vifungo vya makoti, akina mama sokoni wanarudisha gunia la maharage ambayo hayakuuzika. Si saa ya mtu mwenye akili zake kuanza kazi mpya.

Ni karibu na saa hiyo, mwezi Julai, mwalimu mmoja alinifuata nyumbani kwa mapadre. Ana miaka 33, mke na watoto wawili, na anafundisha Baiolojia na Kemia katika shule ya sekondari hapa Ufipa. Alimaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, akafaulu, lakini mwaka ule baba yake alikuwa kitandani na ada haikuwapo, akachukua stashahada ya ualimu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Sasa anataka kwenda kusomea udaktari. Dada yake mdogo alifariki kwa uzazi katika kijiji cha kando ya ziwa, wakisubiri gari la kumpandisha juu. Tangu msiba ule, aliniambia, kila anapochora mfumo wa damu ubaoni mkono unakuwa mzito.

Swali lake halikuwa kama aende au asiende. Alitaka nimwambie aende lini. Alikuwa na karatasi ameikunja mara nne. Miaka mitano ya shahada, mmoja wa mafunzo kwa vitendo, maana yake ni miaka 39 au 40 ndipo aitwe daktari. Mikopo ya serikali ina kikomo cha umri, naye anakikaribia. Ruhusa ya mwajiri kwenda kusomea fani isiyo yake haipatikani kirahisi. Mtoto mkubwa yuko darasa la pili. Ana deni la SACCOS ambalo bado lina miezi kumi na minne. Na dirisha la maombi ya vyuo lilikuwa limekwisha kufunguliwa.

Mimi nikamwambia asali na asubiri wakati wa Mungu.

Alishukuru, akaondoka. Sikulala vizuri. Maneno yale ni ya kweli, nimeyatumia miaka zaidi ya ishirini, lakini usiku ule nilijiuliza ni mara ngapi nimeyatoa kwa sababu tu hayanigharimu chochote. Anayesubiri ni yeye. Mimi nikishasema nakwenda kula.

Kesho yake nilikuwa na safari ya kumpelekea mgonjwa Komunyo katika hospitali ya jimbo letu, na pale nje jina limeandikwa, nimelipita mara mia bila kuliona: Dkt. Atiman. Nikarudi kumwita mwalimu. Nilitaka kumsimulia mtu ambaye kwake swali la lini lilijibiwa na watu wengine, tangu utoto, na jinsi alivyoishi baada ya hapo.

Adrian Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 Tundurma, kijiji cha kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa mtoto mdogo wawinda watumwa walimnyakua wakampeleka ndani ya Jangwa la Sahara. Tuwe makini hapa, kwa maana tumezoea kusimulia habari zake kama hadithi ya kuburudisha: mtoto alitekwa, wamisionari wakamkomboa, akawa daktari, makofi. Mtoto yule aliuzwa. Alitembezwa mchangani na watu waliompima kama anavyopimwa mbuzi mnadani. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers kwa sababu ya kanzu zao nyeupe, walimnunua Metlili, kusini mwa Algeria, ili wamwache huru. Nao walikuwa wakiitazamia njia ya kufika Timbuktu. Mwaka 1876 watatu kati yao, mapadre Paulmier, Ménoret na Bouchand, waliuawa jangwani wakielekea huko. Basi hata njia ya kurudi kwao Atiman ilikuwa imefungwa kwa damu.

Aliyewatuma wamisionari hao ni Askofu Lavigerie wa Algiers, aliyeanzisha shirika mwaka 1868. Lavigerie alikuwa na wazo lililowashangaza wengi wa wakati wake, kwamba Afrika itaongoka kwa mikono ya Waafrika wenyewe, na kwamba Mwafrika anayetibu wagonjwa bila kudai malipo atafunguliwa milango ambayo padre wa kizungu hafunguliwi. Mwaka 1881 akafungua kisiwani Malta chuo cha vijana waliokombolewa utumwani, wakasomee tiba katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho. Hakutaka madaktari wa kuvaa suti na kubaki Ulaya. Alitaka daktari-katekista: mtu mmoja mwenye kazi mbili, anayefunga kidonda asubuhi na kufundisha sala jioni, anayeishi kama watu anaowahudumia.

Atiman alikuwa kati ya waliopelekwa. Alikuwa na miaka kama 15. Alibatizwa mwaka 1882.

Nani alimuuliza kama anapenda udaktari? Nami ni padre, si kazi yangu kuwapaka matope waliotuletea Injili, lakini sioni sababu ya kuficha kwamba wazo lilikuwa la Lavigerie na kijana aliingizwa ndani yake. Mtoto aliyekuwa mali ya mtu jana, leo anapangiwa maisha na wema. Ni wema kweli. Lakini ni kupangiwa. Wengi wetu tuliopita seminari ndogo tukiwa na miaka 14 tunaijua hali hiyo kidogo. Wito wangu mimi ulianza kwa sababu mwalimu wangu wa darasa la saba alijaza fomu, na mama akauza mbuzi wawili. Nilijua baadaye sana kwamba naupenda.

Mwaka 1888 akamaliza masomo akatumwa. Mwaka huohuo Lavigerie, ambaye sasa alikuwa Kardinali, alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, na mwaka huohuo pwani yetu iliwaka moto wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Katika vurugu hizo kijana wa miaka kama 22, aliyezaliwa kando ya mto Niger, akaifuata njia ya misafara kwa miguu kuelekea Ziwa Tanganyika. Msomaji aliyewahi kupanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga na kushuka na miguu iliyovimba, na afikirie. Kwa yeye ambaye utoto wake ulikuwa msafara wa minyororo, sijui kama kuna kitu kilichomtonesha zaidi ya kuona nyayo za misafara mingine kama ule katika njia yake.

Alifika Karema mwaka 1889.

Karema ya leo iko mkoa wa Katavi, na wengi wanaitaja kwa ajili ya bandari mpya. Kwa sisi Wakatoliki wa Rukwa ni mama. Askofu wetu alikuwa askofu wa Karema kabla ya jimbo kuitwa Sumbawanga mwaka 1969. Mwaka ule wa 1889 ilikuwa ngome, iliyojengwa mwaka 1879 na wasafiri wa Kibelgiji na kukabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Kuizunguka walikuwa wamekusanyika watu waliokimbia, watoto waliokombolewa, wajane. Atiman alipofungua sanduku lake la dawa mbele yao, waliokuwa wakimtazama wengi wao walikuwa na historia moja na yake. Hakuhitaji kueleza anatoka wapi. Hilo hakufundishwa Malta.

Mpango ungeweza kufia hapo. Vijana hupelekwa mbali, hurejea, huchoka. Angeweza kwenda pwani, na kwa ujuzi wake asingekosa ajira. Alibaki. Alibaki chini ya Wajerumani, akabaki vita ya kwanza ya dunia ilipopita juu ya ziwa, akabaki chini ya Waingereza. Alioa mwenyeji wa kule, Agnes Wansahira. Mtoto wao Joseph alipadirishwa mwaka 1923, miongoni mwa mapadre wa kwanza wazalendo wa upande wetu huu. Ndui, homa, vidonda, uzazi mgumu, malale yaliyoingia kandokando ya ziwa mwanzoni mwa karne iliyopita, hayo ndiyo yaliyokuwa mazingira ya kazi yake. Alitibu wavuvi na alitibu wamisionari waliomlea. Alijifunza pia dawa za miti za wenyeji, jambo ambalo daktari aliyetoka Ulaya na majivuno yake asingelifanya kwa urahisi.

Nisimame hapo kidogo. Wafipa wanasema jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Ni mji ambao jina lake lenyewe linamwagiza mgeni aache hirizi nje. Katika nchi ya namna hiyo mgonjwa hamuulizi daktari ugonjwa gani tu, anauliza pia nani amemroga. Daktari asiye mwalimu anatoa kidonge na mgonjwa anakitupa njiani. Ndiyo maana Lavigerie hakuzigawa zile kazi mbili, na ndiyo maana Atiman hakuacha ukatekista alipokuwa amekwisha kuwa maarufu kwa dawa. Katekista ni mwalimu. Maisha yake yote alikuwa mwalimu anayetibu.

Nilipofika hapa mwalimu wangu aliinua kichwa. Alikuwa amekuja akiihesabu miaka yake kumi ya chaki kama hasara, kama muda alioupoteza katika foleni isiyo yake. Ile karatasi yake ilikuwa na miaka ya mbele tu.

Alinipinga hata hivyo, na alinipinga vizuri. Alisema Atiman alianza na miaka 15, bila mke, bila deni, na alilipiwa. Ni kweli. Kwa swali la mtu mzima anayeacha kazi yake nililazimika kumtafutia mfano kwa majirani zetu Waprotestanti: Albert Schweitzer, aliyezaliwa mwaka 1875 katika Alsace, mchungaji, mwanafalsafa na mpiga kinanda. Akiwa na miaka 21 alijiwekea nadhiri kwamba atajitolea kwa elimu na muziki mpaka afikishe 30, na baada ya hapo atawatumikia watu kwa mikono. Hakujua bado kwa kazi ipi. Mwaka 1904 akasoma katika jarida la wamisionari wa Paris kuhusu uhitaji uliokuwapo Gabon. Oktoba 1905, akiwa na miaka 30 kamili, akawaandikia jamaa na marafiki kwamba anaanza masomo ya udaktari. Mkuu wa kitivo alipomwona mwalimu wa teolojia akijiandikisha kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alitamani kumpeleka kwa mwenzake anayetibu wagonjwa wa akili. Schweitzer alifika Lambaréné mwaka 1913, miaka 38. Kinanda hakukiacha, matamasha yake ndiyo yaliyosaidia kuendesha hospitali.

Huyu alijiwekea tarehe. Atiman aliwekewa. Mwalimu akaniuliza ni yupi kati yao aliyekuwa sahihi, kama mwanafunzi anayetaka jibu la swali la kuchagua. Nilimwambia ajali sana mambo mawili ambayo yote wawili walikuwa nayo. Kwanza, walijua wanakwenda kwa nani. Schweitzer alijua jina la mto Ogowe kabla ya kujua majina ya mifupa. Atiman alijua maana ya kuwa mtoto asiye na mtu wa kumfunga jeraha. Pili, hakuna aliyekwenda kulipa deni la marehemu.

Jambo hilo la pili lilimuuma. Nilijua litamuuma, na nililisema polepole. Dada yake hatafufuka kwa shahada. Mtu anayesomea tiba ili amwokoe aliyekwisha kuzikwa, kila mgonjwa atakayemfia atamzika mara ya pili, na katika mwaka wa kwanza kazini watamfia wengi. Kama ni uchungu peke yake unaomsukuma, basi dirisha la mwaka huu lipite. Lakini kama ni wanawake wengine wa kijiji kile, ambao leo wana mimba, basi hilo ni jambo jingine. Alikaa kimya mpaka nikasikia kengele ya jioni. Kisha akasema jina la mwanamke mmoja, jirani wa dada yake, na mwezi ambao atajifungua.

Baada ya hapo tulizungumza kama watu wazima. Nilimuuliza mke wake anasemaje, akakiri kwamba mke hajaiona ile karatasi. Nikamwambia basi amekosea mlango, kwangu alipaswa kuja wa pili. Tuliongea kuhusu deni la SACCOS, na kama shamba la mahindi linaweza kulilipa kabla ya Septemba ya mwaka ujao. Niligusia pia vyuo vya stashahada ya utabibu, miaka mitatu, ambavyo vinawatoa watu wanaokwenda kweli kwenye zahanati za kando ya ziwa, na mtu akitaka anaweza kuendelea na shahada baadaye. Uso wake ulionyesha kwamba alisikia nikimpunguza. Nikamkumbusha kwamba Lavigerie hakumtuma Atiman Malta ili aheshimiwe, alimtuma ili afike. Sikusema zaidi. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinaagiza daktari aheshimiwe kwa kuwa ni Mungu aliyemuumba, na hakisemi daktari wa ngazi gani.

Injili ya leo ina jambo moja ambalo huwa tunalipita haraka tukikimbilia ile dinari. Mwenye shamba anawauliza wale wa saa kumi na moja kwa nini wamesimama kutwa nzima bila kazi, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu. Walikuwa sokoni tangu asubuhi, wamesimama na majembe. Mwalimu huyu alisimama na alama zake za kidato cha sita mkononi, na mwaka ule hakuna aliyemwajiri. Mimi pia nilimpita.

Atiman alitibu mpaka uzeeni. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe. Alitunukiwa nishani na Kanisa na serikali. Alifariki Karema mwaka 1956, na miaka yake ilikaribia 90. Kwa hesabu ya kawaida ni miaka 67 kando ya ziwa letu.

Mwalimu alipokuwa akivaa kofia yake ya pikipiki aliniuliza kama Daktari Atiman aliwahi kurudi kuishi kwao Tundurma. Nikamwambia hapana. Alifikiri kidogo, akaikunja ile karatasi, safari hii mara moja tu, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Alisema anakwenda kumwonyesha mke wake kabla watoto hawajalala, na kwamba dirisha la mwisho bado lina wiki tatu.